Windows 10 imefika mwisho, lakini kompyuta yako haijafa

Wiki mbili zilizopita, binti wa jirani yangu alibisha hodi baada ya Magharibi. "Ami, mama akusalimu. Asema ukipata nafasi upite dukani. Kompyuta zote zimekufa."

Mamake ana saiba ndogo hapa mtaani: kompyuta sita, printa moja, skana moja na feni ya dari inayopiga kelele. Pale ndipo wengi wetu hujaza fomu za eCitizen, huwaombea watoto mikopo ya HELB, na kila Juni ikikaribia kwisha hupanga foleni ili kuwasilisha marejesho ya ushuru. Nilikwenda asubuhi yake nikidhani stima imekatika na kurudi kwa nguvu ikaunguza kila kitu. Nilipofika nilikuta kompyuta zote sita zinawaka na watu watano wamekaa wanachapa.

"Dadangu, mbona zafanya kazi?"

"Zafanya kazi, kakangu, lakini nimeambiwa zimekufa."

Fundi mmoja alikuwa amepita akamwambia kwamba Windows 10 imefungwa, kwamba wezi wa mitandaoni wataingia wakati wowote, na kwamba dawa ni kununua mashine mpya sita kwa shilingi 38,000 kila moja. Piga hesabu mwenyewe: 228,000. Mama wa watu alikuwa ameshakwenda kwa sonara kupimisha bangili zake.

Nimecheza na kompyuta tangu nikiwa kijana wa chuo, na maneno kama haya nimeyasikia kila baada ya miaka michache. Yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yanauza. Leo nataka tutenganishe ukweli na biashara, kwa sababu najua mama huyu si peke yake.

Tuanze na msingi. Kompyuta ni vitu viwili. Kuna mashine, yaani chuma, nyaya na vipande unavyoweza kuvigusa, na kuna mfumo endeshi, ambao ni programu kuu inayoiambia mashine ifanye nini. Mashine ni chombo, mfumo endeshi ni nahodha. Windows ni nahodha mmoja. Wako wengine: macOS ya Apple, Linux ya aina nyingi, na Android iliyo kwenye simu za wengi wetu.

Hili nililijifunza kwa aibu. Mwaka 1999, nikisomea stashahada hapa Mombasa, tulikuwa wanafunzi wanne kwa kompyuta moja yenye Windows 98. Diski ilikuwa imejaa, nami nikajiona mjuzi. Nikaingia kwenye folda iliyoandikwa Windows, nikaanza kufuta mafaili nisiyoyajua ili nipate nafasi. Ilipozimwa haikuwaka tena. Skrini nyeusi, maandishi meupe. Nilidhani nimeiua mashine ya chuo na kwamba babangu ataitwa alipe. Mwalimu alikuja na diski zake, akaketi kama saa moja hivi, akaweka Windows upya, na mashine ileile ikafufuka. Hakunigombeza sana. Alisema tu kwamba nimemwua nahodha, chombo ni kizima.

Sasa, ni nini hasa kilichotokea kwa Windows 10? Mfumo huu ulitolewa Julai 29, 2015, na kampuni ya Microsoft ikaacha kuuhudumia Oktoba 14, 2025. Kuuhudumia maana yake si kuja kukutengenezea. Ni kwamba kila mwezi, Jumanne ya pili, kampuni hutoa viraka. Programu kubwa kama Windows haikosi matundu, na kila linapogunduliwa moja, kampuni hulishonea kiraka na kukutumia kupitia intaneti. Kuanzia siku ile ya Oktoba, viraka hivyo havitoki tena bure kwa kila mtu. Kompyuta haikuzimika wala mafaili hayakupotea, na Windows 10 itaendelea kuwaka hata mwaka 2030 ukitaka. Lakini matundu mapya yatakayogunduliwa yatabaki wazi.

Je, hilo ni jambo la kuogopa? Ndiyo, na hapa fundi yule hakusema uongo. Mei 2017 kilizuka kirusi kilichoitwa WannaCry. Kilikuwa kikiingia kwenye kompyuta, kinafunga mafaili yote kwa siri, kisha kinadai fidia. Kilisambaa duniani kwa siku chache na kikavuruga kazi za hospitali za umma Uingereza hadi wagonjwa wakarudishwa nyumbani. La kusikitisha ni kwamba kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, pamoja na waliokuwa kwenye mifumo iliyokwisha kuachwa.

Kwa hiyo mtu mwenye saiba hawezi kusema "mimi sijali". Kompyuta ile moja hupita namba za vitambulisho, nywila za eCitizen na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu. Ile ni amana. Ukiiacha mlango wazi na mwizi akaingia, hutaulizwa na polisi pekee.

Lakini kutoka "inahitaji kulindwa" hadi "nunua sita mpya" kuna safari ndefu, na ndiyo safari ambayo fundi aliiruka.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuangalia kama mashine zenyewe zinakubali Windows 11. Mfumo huo ulitoka Oktoba 2021, na ukiwa na Windows 10 halali unapanda kwenda Windows 11 bila malipo. Shida ni masharti yake. Unataka angalau GB 4 za RAM na GB 64 za diski, jambo ambalo si gumu. Unataka pia kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, ambacho hutunza funguo za siri za mashine. Na unataka prosesa isiwe ya zamani: kwa Intel, kwa jumla ni kizazi cha nane kwenda mbele, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017.

Kujua kizazi ni rahisi. Fungua mipangilio, nenda System, kisha About, usome jina la prosesa. Ukiona i5-6500, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, hicho ni kizazi cha sita, haikubaliki. Ukiona i5-8500, ni cha nane, inapita. Zikiwa tarakimu tano, kama i5-10500, soma mbili za mwanzo: ni kizazi cha kumi. Usitegemee kibandiko kilichoandikwa "Core i5" tu. Kizazi cha kwanza kinaitwa i5 na cha kumi kinaitwa i5, na baadhi ya wauzaji wanajua kwamba hujui.

Kati ya sita za dadangu, mbili zilikuwa i5-8500. Fundi alizihesabu kwenye maiti! Kompyuta hizi zilikuja mitumba kutoka Uingereza, zilikuwa za ofisi kubwa, na moja iliambiwa haifai kwa sababu TPM ilikuwa imezimwa kwenye mipangilio ya ndani ya mashine. Niliiwasha nikiwa nimesimama. Dakika tano.

Hapa niseme maoni yangu. Hoja ya Microsoft ya usalama naielewa, TPM si mchezo. Lakini kuna mashine za kizazi cha sita na cha saba zenye TPM 2.0 ileile, zenye nguvu ya kutosha kuandika barua na kufungua intaneti kwa miaka kumi mingine, na zimeachwa nje ya mlango kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa. Ulaya mtu ataipeleka kwenye kituo cha taka na atanunua nyingine. Huku kwetu ndiko taka hiyo inakoshukia, bandarini, na sisi ndio tunaoinunua kwa bei ya bangili.

Njia ya pili ni kununua muda. Kwa kompyuta za nyumbani, Microsoft imeongeza viraka hadi Oktoba 13, 2026. Unajiandikisha ukiwa ndani ya Windows 10 kwenye sehemu ya masasisho: ama unaunganisha mipangilio yako na akaunti ya Microsoft bila kulipa, ama unalipa dola 30. Kama una laptopu moja nyumbani ya mtoto kufanyia kazi za shule na huna nafasi ya kuhangaika sasa, fanya hivi leo. Lakini kwa biashara bei ni nyingine, dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na inaongezeka maradufu kila mwaka unaofuata. Kwa saiba haina maana.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, na msomaji anayenijua ameshajua ninakoelekea.

Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Helsinki, Finland, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo endeshi chumbani mwake kisha akauachia ulimwengu. Wengine wakauongezea, na tayari Mmarekani Richard Stallman alikuwa tangu 1983 akipigania programu ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzifungua, kuzirekebisha na kumgawia jirani. Muungano wa kazi hizo ndio watu huuita Linux. Usione ni jambo geni. Android imejengwa juu ya kiini hicho hicho, kwa hiyo kama unasoma makala haya kwenye simu isiyo ya Apple, karibu hakika umeishika Linux mkononi.

Mimi nilikutana nayo 2006. Wakati huo intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, saiba wanahesabu dakika, na nyaya za chini ya bahari hazikufika Mombasa hadi 2009. Kupakua mfumo mzima ilikuwa ndoto. Lakini Mwafrika Kusini mmoja, Mark Shuttleworth, yule aliyekwenda angani mwaka 2002, alikuwa ameanzisha mfumo uitwao Ubuntu, jina lenye maana ileile ya utu wetu, na walikuwa wakituma diski bure kwa posta popote duniani. Nikaandika anwani ya sanduku la posta la babangu. Baada ya majuma mengi ikaja bahasha. Babangu aliigeuza geuza, akaniuliza nimewalipa nini Wazungu hawa. Nikamwambia sijalipa. Akasema basi kuna kitu wanataka.

Sitadanganya, Linux ya siku zile ilikuwa mateso. Sauti haikutoka, printa haikuonekana, modemu ndiyo kabisa. Ulihitaji mapenzi. Ndiyo maana mpaka leo watu wanaiogopa, wanadhani ni ya wataalamu. Hali imebadilika mno. Kuna aina iitwayo Linux Mint ambayo imepangwa kama Windows: kitufe cha menyu chini kushoto, saa chini kulia. Inahitaji RAM ya GB 2 tu, ingawa 4 ndiyo raha. Unaipakua, unaiweka kwenye flashi ya GB 8, unaichomeka na kuwasha kompyuta kutoka humo bila kufuta chochote. Unaijaribu siku nzima ukitaka. Waifai inashika? Printa inachapa? Sauti ipo? Ukiridhika ndipo unaiweka kwenye diski. Na kabla ya hapo, tafadhali sana, nakili mafaili yako pahali pengine. Nimewaona watu wazima wakilia kwa picha za arusi.

Kuna jambo jingine kuhusu Linux ambalo kwangu lina uzito, nami si sheikh, naomba nisieleweke kama natoa fatwa. Windows nyingi huku mitaani ni za wizi. Fundi anakuwekea nakala iliyovunjwa kufuli kwa shilingi mia tano, nawe unafungua biashara kwa bismillahi juu ya mali ya mtu. Kila nikilitaja hili baraza hugawanyika. Wako wasemao kampuni ni tajiri haihisi kitu, wako wasemao elimu haiuzwi. Mimi nasema tu kwamba siku hizi huna haja ya kuubeba mzigo huo. Mint unapewa kwa ridhaa ya wenyewe na una ruhusa ya kumnakilia kila jirani. Hata ukiliacha suala la dini, zile programu za kuvunjia kufuli mara nyingi ndizo zinazokuja na virusi ndani yake. Na cha kuchekesha, mashine nyingi zilizotengenezwa tangu siku za Windows 8 huwa na leseni halali ndani yake kutoka kiwandani. Fundi anaweka ya wizi juu ya ya halali kwa sababu hakuangalia.

Turudi saiba. Mashine tatu zilikuwa za kizazi cha sita. Hizi nilizifungua, na ndani yake nikakuta maradhi halisi ya kompyuta za pwani. Feni zimejaa vumbi kama mkeka uliosahaulika uani. Karibu na dirisha, mashine moja ilikuwa imeanza kutu kwenye pembe za kasha lake. Chumvi ya hewa hii yetu haichagui, inakula mabati ya paa, itaziacha vipi nyaya nyembamba? Miaka yote hii nimeona kompyuta chache sana zilizouawa na mfumo kupitwa na wakati. Nimeona nyingi zilizouawa na chumvi, vumbi, na stima inayokatika na kurudi kwa kishindo. Ondoa mashine kwenye dirisha linalotazama bahari. Pulizia vumbi kila baada ya miezi michache. Tia betri ya akiba hata kama ni moja kwa kompyuta mbili. Usiifungie miezi kabatini, iwashe mara kwa mara ipate joto ikaushe unyevu.

Kilichokuwa kikizifanya tatu hizi kuwa nzito si umri wa prosesa bali diski zao za zamani za kuzunguka. Tulinunua diski za SSD, ndogo, shilingi 3,200 kila moja. Kama kuna senti moja tu unaweza kutumia kwenye kompyuta ya zamani, itumie hapo. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika nne kuwaka sasa huwaka kabla hujamaliza kuvuta kiti.

Nikaweka Mint zote tatu, nikawasha kitu ambacho kwa saiba ni dhahabu: akaunti ya mgeni. Mteja anaingia bila nywila, anafanya shughuli zake, akitoka kila alichoacha kinafutika. Awali mtu angesahau kutoka kwenye barua pepe yake, na anayefuata akakuta barua za mwenzake ziko wazi. Dadangu aliponiona naijaribu aliniuliza mara tatu kama kweli inafutika. Akafungua akaunti yake mwenyewe ya eCitizen, akatoka, akaingia tena, akatafuta. Hakuna.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Fomu za Excel zenye makro, zile zinazojikokotoa zenyewe ukibonyeza kitufe, mara nyingine hukataa kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint. Ndiyo maana sikukubali wazo lake, baada ya kuona kasi, kwamba tuhamishe zote. Zile mbili za Windows 11 zibaki kwa kazi hizo. Ninawafahamu wenzangu wapenzi wa Linux ambao wangenipinga hapa, kwao Windows kubaki ni kushindwa. Saiba si mahali pa kuhubiri. Mteja amekuja na makaratasi yake, anataka atoke kabla ya Adhuhuri.

Suala la lugha nalo lilinishangaza kidogo. Nilimwonyesha kwamba menyu zinaweza kuwekwa kwa Kiswahili, hata kama tafsiri haijakamilika kila pahali. Kazi hii si ya jana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Bintiye alisoma maneno "Hifadhi" na "Hariri" akacheka, akasema, "Ami, rudisha Kiingereza, hii yanichanganya." Niliirudisha, nikinung'unika.

Ya sita ilikuwa Core 2 Duo ya enzi za 2008, RAM GB 2. Hiyo kweli imechoka. Nilimwambia aitoe kwenye intaneti, awape watoto wa madrasa wajifunzie kuchapa.

Jumla ya gharama ilikuwa shilingi 9,600 za diski tatu, na chai ya mahamri niliyokunywa siku mbili. Bangili ziko mkononi, nilizisikia zikigongana alipokuwa akihesabu chenji. Kinachotusumbua bado ni skana. Ni ya zamani, ya kampuni isiyotoa programu yake kwa Linux, na nilipoijaribu kwenye Mint ilivuta ukurasa nusu ikaganda. Kwa sasa nimeichomeka kwenye mojawapo ya zile mbili za Windows 11, na Jumamosi, inshallah, nitarudi kuijaribu tena.